Ua la kanga mwaka wa tatu: vijani vitupu, ua hakuna. Kosa liko wapi?

#1 BiMatunguu (Swindon)
Wadau wa bustani, salaam.

Septemba ya 2022 nilipanda vyungu vitatu vya fritilaria. Cha kwanza matunguu 20 ya Fritillaria meleagris, ndilo ua la kanga, lile ua la kengele linaloinamisha kichwa, lina miraba ya zambarau na nyeupe utadhani limechorwa kwa rula. Cha pili matunguu 10 ya uva-vulpis, kengele nyembamba za damu ya mzee zenye ukingo wa njano. Cha tatu matunguu matatu tu ya michailovskyi, bei yake haikuniruhusu kuzidisha.

Machipuko ya kwanza karibu yote yalitoa maua. Nilikuwa natoka na kikombe cha chai saa kumi na mbili asubuhi kuyaangalia kabla ya kwenda kazini. Mwaka wa pili nusu. Mwaka huu meleagris zimetoa vijani vyembamba, uva-vulpis kila tunguu limetoa jani moja pana limesimama kama ulimi. Michailovskyi moja ndiyo ina kikonyo.

Kinachoniuma ni kwamba dakika chache kwa gari kutoka kwangu ni Cricklade, pale North Meadow, ambako wanasema ipo asilimia 80 hivi ya meleagris zote za porini hapa Uingereza. Zinajiotea ndani ya nyasi. Kwangu nazibembeleza na zinagoma. Nifanyeje?

#2 MzeeJembe (Leeds)
Umepanda juu juu. Tunguu likiwa karibu na uso wa udongo linajigawa vipande vipande badala ya kunenepa, na vipande havina nguvu ya ua. Kina ngapi?

#3 Nasra_U (Uppsala)
Kabla ya kina, sema sama (majira ya joto) unaviweka wapi hivyo vyungu.

#4 BiMatunguu
Kina ni urefu wa kidole, tuseme sentimita 7. Majani yakikauka mwezi Juni navisogeza chini ya ngazi, pakavu kabisa, mpaka Septemba. Nilielezwa kwamba tunguu likilala lisiguswe na maji.

#5 Nasra_U
Hapo ndipo ulipoziua nguvu, dada. Kulala pakavu ni desturi ya matunguu ya milimani Uturuki na Iran. Meleagris ni ua la uwanda wa mafuriko. Huku kwetu kuna uwanda unaitwa Kungsängen, na ua lenyewe kwa Kiswidi limechukua jina la pale, kungsängslilja. Ndilo ua la jimbo la Uppland. Ukienda mwezi Mei viatu vinazama.

Halafu angalia tunguu lenyewe. Halina lile ganda la karatasi kama kitunguu maji. Ni magamba mawili matatu manene, yako uchi. Ukiliweka miezi mitatu kwenye udongo mkavu linasinyaa, na Februari linabaki na akiba ya jani moja tu.

#6 MzeeJembe
Nasra, ukavu siukatai kwa meleagris. Lakini uva-vulpis asili yake ni mashariki ya Uturuki, Irak na magharibi ya Iran, na huko sama hakuna tone. Mbona nayo imegoma? Mimi nabaki na kina. Sentimita 7 ni kidogo, weka 12 mpaka 15.

#7 DirishaLaShamba (Rotterdam)
Ni njaa tu. Ua la mwaka ujao linatengenezwa ndani ya tunguu mwaka huu, wakati majani bado ya kijani. Udongo wa chungu baada ya miaka mitatu umebaki kushikilia mizizi tu, chakula kimekwisha. Wape mbolea ya maji ya nyanya, ile yenye potashi nyingi, nusu ya kipimo, kila wiki mbili tangu majani yanapotokeza hadi yanapoanza njano. Nimefufua chungu kizima cha meleagris kwa njia hiyo bila kukigusa.

#8 BiMatunguu
Asanteni. @DirishaLaShamba, na North Meadow nani anawapa mbolea ya nyanya?

#9 DirishaLaShamba
Mto. Uwanda ule uko kati ya Thames na Churn. Majira ya baridi maji yanapanda, yanaacha tope laini. Hiyo ni mbolea ya kila mwaka, na ya bure. Na nyasi hawazikati mpaka Julai, maua yakiwa yameshamwaga mbegu na majani yameshamaliza kazi yake.

#10 Kitindamimba_Z (Zanzibar)
Samahani naingilia. Kwa nini mnaliita ua la kanga? Nimefungua uzi nikidhani ni mambo ya vitambaa.

#11 BiMatunguu
Meleagris ni neno la wasomi kwa kanga yule ndege. Hata kanga wetu wa porini jina lake la kisayansi ni Numida meleagris. Yeye ana vidoadoa, ua lina miraba, ila ukiliona kwa mbali kwenye nyasi unaelewa. Mimi na mama yangu tumelibatiza ua la kanga, na humu naona limeshika.

#12 MwanaKisauni (Mombasa)
Na leso nazo zinasemekana ziliitwa kanga kwa ajili ya madoa meupe ya vitambaa vya mwanzo. Kwa hiyo ndege mmoja kavisha wanawake wa pwani na kavisha ua la Wazungu. Nimefurahi.

#13 Sadala_Vitabu (London)
Na hilo fritilaria ni Kilatini, fritillus, maana yake ubao wa drafti. Ni kwa sababu ya ile miraba. Ni ua la asili la Uingereza, la kale kabisa.

#14 Nasra_U
Marekebisho mawili kwa @Sadala_Vitabu. Fritillus ni kikombe cha kutikisia dadu. Miraba inahusishwa kwa kuwa mchezo wa dadu uliendana na ubao, ila neno lenyewe ni kikombe. Pili, uasili wake Uingereza unabishaniwa mpaka leo. Mwaka 1597 John Gerard, mwandishi wa kitabu cha mimea, aliliandika kama ua la bustani. Taarifa ya kwanza ya kulikuta porini ni ya 1736. Ua la kupendeza vile, kwenye mbuga za wazi, lisionekane na mtu miaka yote hiyo? Wapo wanaosema lilitoroka bustanini.

#15 Sadala_Vitabu
Nimepokea la dadu. La uasili sikubali haraka. Mkulima wa wakati ule alikuwa anakata nyasi, hakuwa anaandika vitabu. Kutoandikwa si kutokuwepo.

#16 Wanjiru_wa_Shamba (Limuru)
Hamjambo. Mimi niko Limuru, Julai huku tunavaa makoti. Nilileta matunguu 12 ya meleagris kwa kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa Kenya, nikayaweka kwenye friji wiki 13, droo ya chini ya mboga. Nilipoyapanda yalitoa jani, mengine yakatoa na kikonyo, lakini kichwa cha ua kilikauka kikiwa na ukubwa wa punje ya dengu. Yote. Baridi ya Limuru haitoshi?

#17 DirishaLaShamba
Droo hiyo ilikuwa na nini kingine?

#18 Wanjiru_wa_Shamba
Maparachichi. Na matunda ya pasheni, hayakosi kwetu.

#19 DirishaLaShamba
Basi ni hayo. Tunda linaloiva linatoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo inaua kichwa cha ua ndani ya tunguu kabla hujakiona. Jani linapona, ua linakufa. Huku Uholanzi maghala ya matunguu hayakai pamoja na matunda hata siku moja.

#20 Nasra_U
Hata bila maparachichi, @Wanjiru_wa_Shamba, friji inakupa ua la mwaka mmoja. Mwaka unaofuata tunguu litataka tena baridi ya miezi mitatu na zaidi, na utalazimika kulichimba kila mara. Kwenu kuna kitu ambacho sisi tunakililia: lile tufe jekundu la Scadoxus multiflorus linalochomoza kwenye udongo mtupu mvua zikianza, kabla hata ya majani. Ninalo moja hapa dirishani Uppsala, nalilinda kama mtoto.

#21 Wanjiru_wa_Shamba
Hilo limejaa nyuma ya kisima chetu! Ng'ombe wanalikwepa, sisi tunalipita tu. Sawa, nitaliangalia kwa macho mengine. Lakini ua la kanga bado nalitaka. Mwaka huu friji itakuwa ya matunguu peke yake, maparachichi yatakaa mezani.

#22 MzeeJembe
Turudi kwa mleta uzi. Umeangalia mbawakawa mwekundu?

#23 BiMatunguu
Yupoje?

#24 MzeeJembe
Mwekundu kama pilipili, urefu wa ukucha wa kidole kidogo, tumbo jeusi. Ukimsogelea anajiachia, anaangukia mgongo, tumbo jeusi juu, anapotea kwenye udongo. Weka kiganja chini ya jani kabla hujamgusa. Mabuu yake yanajipaka kinyesi chao mgongoni, utaona kama uchafu wa ndege umetembea kwenye jani. Anakula mayungiyungi ya bustani na fritilaria. Akila majani Mei, ua la mwaka ujao umeshalikosa.

#25 BiMatunguu
Huo uchafu nimeuona mwaka jana!! Niliuosha kwa maji nikilaani njiwa.

#26 MzeeJembe
Basi ongeza hilo kwenye hesabu. Kina kwanza, mbawakawa wa pili.

#27 Mama_Abeli (Gent)
Salamu kutoka Ubelgiji, mimi mtu wa Bukavu. Niwape kisa cha fritilaria imperialis, ile kubwa inayofika mita moja, yenye kengele za rangi ya chungwa chini ya shada la majani kama nywele zimesimama. Nilipanda matatu. Machi bwana yangu alizunguka nyumba siku mbili akinusa: kwanza alisema paka amekojoa, halafu akasema ni mbweha. Nilimpeleka hadi kwenye chipukizi, lilikuwa na kimo cha kiganja, akainama akanusa, akarudi ndani kimya. Tunguu lenyewe linanuka vilevile. Kindi wetu wamehama sehemu ile.

Lakini jamani, ingiza kichwa chini ya kengele moja uangalie juu. Ndani kuna matone sita, moja kwenye kitako cha kila petali, meupe, mazito, yananing'inia na hayaanguki. Nilitikisa shina, yakatetemeka yakabaki. Niligusa moja kwa kidole, kisha asubuhi kengele ilikuwa na sita tena.

#28 Mwanafunzi_wa_Van (Dar)
@Mama_Abeli umenirudisha mbali. Nilisoma Uturuki mashariki, mji wa Van. Kule wanaliita ağlayan gelin, bibi harusi anayelia, kwa sababu ya hayo matone. Ukipanda kuelekea Hakkari mwishoni mwa Aprili unayaona kwenye miteremko theluji bado iko juu yake. Kulichuma ni kosa, kuna faini. Mzee mmoja aliyekuwa mwenyeji wetu hakuturuhusu hata kukanyaga karibu, alisema mguu ukipita leo, mwaka ujao hapaoti kitu.

#29 Mama_Abeli
Asante kwa jina hilo. Nitamwambia bwana yangu, huenda atasamehe harufu.

#30 Sadala_Vitabu
Hiyo ilifika Vienna miaka ya 1570 kwa mikono ya Clusius, mtaalamu wa mimea, yuleyule wa tulipu. Na wanasema tunguu lake lina tundu juu lilipokuwa shina, kwa hiyo lipandwe kwa ubavu maji yasituame yakaliozesha.

#31 DirishaLaShamba
La ubavu nimelijaribu. Nilipanda manne wima na manne kwa ubavu, sentimita 25 chini, mchanga mzito chini yake. Yote manane yalitoka sawasawa. Kinachooza ni udongo wa mfinyanzi.

#32 MzeeJembe
Kwangu ya wima yalioza yote. Mfinyanzi, ndiyo, lakini ya ubavu yalipona katika mfinyanzi huohuo.

#33 Chifu_Mbegu (Glasgow)
Nimesoma kimya muda mrefu, naomba niseme juu ya matunguu adimu, maana naona mleta uzi ataishia kununua mapya.

Fritilaria ziko aina zaidi ya 130. Nyingi zinakaa sehemu ndogo sana ya dunia, mlima mmoja, bonde moja. Kule Oregon kuna gentneri, nyekundu, iliwekwa kwenye orodha ya Marekani ya mimea iliyo hatarini mwaka 1999. China kuna delavayi, tunguu lake linachimbwa kwa dawa ya kikohozi. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba penye wachimbaji wengi, mmea huu umekuwa wa kijivu na hudhurungi kama mawe unamoota. Penye wachimbaji wachache umebaki wa kijani. Watu wamechuma yale yanayoonekana, wakaacha yanayojificha, mpaka ukoo mzima umejificha. Nilipoisoma hiyo nilikaa nikaiwaza wiki nzima.

Kwa hiyo ukikuta tunguu adimu kwa bei ya kutupa, uliza limezaliwa wapi. Mimi nimeacha kununua yaliyokua. Napanda mbegu.

#34 Kitindamimba_Z
Mbegu mpaka ua ni muda gani?

#35 Chifu_Mbegu
Miaka minne ukibahatika, mitano au sita kawaida, na zipo zinazozidi. Mbegu ni bapa, nyembamba kama gamba la samaki, zimepangwa ndani ya tumba, kifuko chake, kama sarafu kwenye mfuko. Naweka udongo na changarawe ndogo nusu kwa nusu, nazipanga juu, nazifunika changarawe sentimita moja, chungu nakiacha nje Oktoba. Mvua, theluji, barafu, vyote vikipitie. Machi unaona vijani kama nyasi. Hapo watu wengi wanaving'oa wakidhani ni magugu, mimi mwenyewe nilishang'oa. Mwaka wa kwanza na wa pili usihamishe, usichokonoe. Mwagilia mpaka vijani viwe njano vyenyewe.

Mbegu nazipata kwenye ugawaji wa kila mwaka wa Scottish Rock Garden Club na Alpine Garden Society, vyama vya wapenda bustani. Hawa wa pili wana kundi zima la watu wa fritilaria.

#36 Nasra_U
Na majina dukani myaangalie. Nilinunua assyriaca duka moja la mtandaoni, ikachanua uva-vulpis. Kosa la miaka mingi, linarudiwa kila katalogi.

#37 BiMatunguu
Wadau, sikuweza kusubiri. Jana jioni nimekimwaga chungu cha uva-vulpis kwenye gazeti.

Matunguu 10 yamekuwa manne. Hayo manne ni madogo kama njugu mawe, mawili laini upande mmoja. Lakini kote kuzunguka, mpaka ukutani mwa chungu, kuna punje nyeupe. Kama mchele uliomwagika. Nilihesabu hadi 130 nikaacha. Kila jani pana linatoka kwenye kitu kidogo kuliko haragwe.

#38 MzeeJembe
Punje! Nilisema nini #2?

#39 Nasra_U
Na manne madogo yenye kunyauka nilisema nini #5?

#40 DirishaLaShamba
Vinywa 130 kwenye chungu kimoja, na bado mnasema si njaa.

#41 Chifu_Mbegu
Mama, umechimba Aprili! Mizizi ya mwaka huu ikikatika haioti tena. Rudisha leo hii pamoja na udongo wake, mwagilia, kivulini siku tatu. Na punje ni tabia ya uva-vulpis. Hata ukiipanda mita moja chini itazaa punje. Zipo fritilaria za Alaska na pwani ya Canada, camschatcensis, punje zake ni chakula cha wenyeji wa kule, wanazipika kama wali. Hivyo sioni ugonjwa hapo. Usitupe hata moja, baada ya miaka mitatu utakuwa na shamba.

#42 BiMatunguu
Nimerudisha usiku uleule kwa tochi. Punje nimezigawa kwenye sanduku kubwa la mbao, kina sentimita 12. Meleagris sijazigusa. Zitakaa kivulini na unyevu sama yote. Potashi nimenunua. Mbawakawa nimewakuta wawili, kiganja chini ya jani kama alivyosema @MzeeJembe.

Sasa sikilizeni hili. Nilikuwa na chungu cha nne, kidogo, nilipewa na jirani yangu. Meleagris tano. Kilipasuka kwa barafu winta ile ya kwanza, nikaumwaga udongo wote kwenye kona, chini ya pipa la maji ya mvua, nikasahau. Leo nimeenda kujaza ndoo. Kuna maua mawili. Moja la miraba, moja jeupe tupu lenye mishipa ya kijani. Hakuna aliyeyapa chakula wala kuyapima kina.

#43 Nasra_U
Pipa linavuja?

#44 BiMatunguu
Linavuja.

#45 MzeeJembe
Na uliumwaga udongo wa chungu kizima juu yao. Chimba pembeni kwa uangalifu, nakuhakikishia yako sentimita 15.

#46 DirishaLaShamba
Na majani yaliyooza ya miaka miwili juu yake. Mbolea hiyo.

#47 Chifu_Mbegu
Na hajayagusa. Acheni hiyo kona jamani, asichimbe mtu pembeni wala katikati. Mama, ukitaka mbegu, chukua brashi laini, toa chavua ya jeupe upeleke kwa la miraba, na kinyume chake. Likishika mimba utajua: kichwa kilichoinama kitaanza kunyanyuka, kisimame wima kabisa, tumba likitazama mbinguni.

#48 Mama_Abeli
Nyuki wakubwa wa manyoya watakufanyia hiyo kazi. Wangu wanaingia mpaka miguu tu inabaki nje.

#49 BiMatunguu
Tarehe 11 Mei. La miraba petali zimeanguka wiki iliyopita. Asubuhi hii shingo imenyooka, tumba liko wima, la pembe tatu, la kijani, ukubwa wa kidonge. La jeupe bado limeinama.

#50 Kitindamimba_Z
Niwekee punje za mbegu. Najua Unguja hazioti, nataka kuziona tu zilivyopangwa kama sarafu.